Saa ya Mzamiaji Garissa: Ulipie Nini, Uache Nini

Abti aliweka simu mezani akaisukuma upande wangu. Kwenye skrini palikuwa na picha za saa mbili alizotumiwa na binamu yangu aliyeko Dubai: saa za mzamiaji, za kampuni moja ya Kijapani, uso mweusi, ringi nyeusi yenye tarakimu, mkanda wa chuma. "Abti," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina hilohilo, "hawa ni mapacha. Mbona huyu ni elfu arobaini na huyu elfu tisini?"

Ilikuwa Jumatano jioni. Alikuwa ametoka soko la mifugo, ngamia wawili wameuzwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitaka kujinunulia kitu kisichohusu nyumba wala mifugo. Mkononi alivaa Seiko 5 ya marehemu babu, kioo kimekwaruzika hadi akrabu zinaonekana kama zimezama ndani ya maziwa. Nikapitisha kidole juu ya meza ya mkahawa, kikatoka na vumbi. Nikamwonyesha kile kidole kabla sijasema lolote kuhusu bei.

Saa ya mzamiaji haikuundwa kwa ajili yetu. Blancpain walitoa Fifty Fathoms mwaka 1953, Rolex wakaunda Submariner mwaka huohuo, na Seiko wakafuata mwaka 1965 kwa saa ya kwanza ya kuzamia kutoka Japani. Zote zilikusudiwa mtu aliye chini ya maji, gizani, anayehesabu dakika za hewa iliyobaki mgongoni mwake. Kiwango cha kimataifa cha saa hizo, ISO 6425, kinadai zivumilie walau mita 100, zijaribiwe kwa shinikizo linalozidi kina kilichoandikwa kwa robo nzima, zisomeke gizani kutoka sentimita 25, na zistahimili maji ya chumvi, sumaku na mishtuko. Ndiyo sababu watu wa nchi kavu nao wamezipenda. Anayenunua saa hiyo ananunua uimara. Huku kwetu utaiona kwa madereva wa malori ya Mandera, kwa walimu, kwa wafanyabiashara wa mifugo, kwa wafanyakazi wa mashirika kule Dadaab.

Ila yanayoiua saa baharini siyo yanayoiua Garissa. Hapa maadui ni wanne: mchanga, jasho, jua na udhu. Udhu nauweka humo kwa heshima yote, maana ndio unaoifanya saa ivuliwe na kuvaliwa kuliko mzamiaji yeyote anavyofanya na yake. Nimewaona watu wengi wakilipa maelfu kwa sifa ambazo ni za bahari tu, kisha wakabana shilingi pale ambapo mji huu ungewalipa. Tofauti ndogo kati ya saa mbili zinazofanana ndizo zinazobeba bei, basi inafaa kuzipima moja moja kwa hao maadui wanne.

Kioo kwanza, na hapa nitakawia.

Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga mawe kwa ugumu, kutoka 1 hadi 10, kwa kanuni rahisi: kigumu hukikwaruza kilicho laini. Almasi ni 10. Mchanga wetu kwa sehemu kubwa ni punje za kwazi, jiwe ambalo kwenye kipimo hicho ni 7. Kioo cha kawaida cha saa, hata kile kilichokomazwa ambacho Seiko hukiita Hardlex, kiko chini ya 7. Yakuti ni 9. Hesabu imekwisha hapo. Kila punje ya kwazi katika vumbi la Garissa inaweza kuchora mstari kwenye kioo cha kawaida, na hakuna hata moja inayoweza kuichora yakuti. Yakuti ya saa, bila shaka, haichimbwi. Hutengenezwa kiwandani, kazi ambayo Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mbinu yake mwaka 1902, na ndiyo maana bei yake si ya vito.

Mkwaruzo huja polepole na hauna kelele. Mtu ameshuka kwenye boda, kioo kimejaa vumbi, anakifuta kwa pindo la macawis, kikoi chetu. Anaona amekisafisha, kumbe amezikokota zile punje kutoka ukingo hadi ukingo. Shika saa yenye mwaka mmoja ya mtu wa hapa, iinamishe kidogo kuelekea dirishani, utaona mistari myembamba ya mviringo kama utando wa buibui uliopigwa na jua asubuhi. Mwenye kioo cha kawaida ajizoeze kumwagia maji kwanza, ndipo afute. Mwenye yakuti anaweza kusahau.

Yakuti nayo ina upungufu wake. Ni ngumu lakini haina mnyumbuliko. Ikipigwa ukingoni kwenye saruji inaweza kumeguka, mahali ambapo kioo cha kawaida kingepona. Ipo pia tofauti ndogo ambayo wauzaji hawaitaji: mipako ya kuzuia mwako wa jua. Saa nyingine zimepakwa ndani ya kioo tu, nyingine pande zote mbili. Zilizopakwa pande mbili hupendeza mno dukani, kioo huwa kama hakipo. Lakini mpako wa nje ni laini kuliko yakuti yenyewe, na ndio mchanga utakaoanza nao. Kwa mtu wa Garissa, mpako wa ndani peke yake ni bora, hata kama saa hiyo ina bei ya chini. Kati ya yote nitakayoyataja, yakuti ndiyo nyongeza ya kwanza ninayoweza kumwambia mtu akope aongezee.

Ringi inayozunguka kioo ni habari nyingine. Zamani nyingi zilivikwa pete ya alumini iliyotiwa rangi. Kisha kampuni kubwa zikahamia kwenye kauri ngumu ya zirkonia: Rolex waliitia kwenye Submariner ya chuma mwaka 2010, Omega wakatoa Seamaster ya mita 300 mwaka 2018 ikiwa na ringi ya kauri na hata uso wa kauri. Kwenye kipimo cha Mohs kauri hiyo inapita 8, kwa hiyo mchanga hauiwezi, na jua haliibadilishi rangi. Alumini inakwaruzika, na jua la hapa likiichoma miaka kadhaa, nyeusi huelekea kijivu na buluu hufifia. Wapo wakusanyaji Ulaya wanaolipa zaidi kwa ringi iliyofifia hivyo, nami nakiri nimeona chache zilizofifia kwa uzuri.

Hata hivyo siwezi kusema kauri ni lazima. Kauri ikidondoka vibaya hupasuka, na kipuri chake hukipati kwa fundi wa soko. Pete ya alumini hubandikwa tu, hubanduliwa kwa kisu chembamba, na mpya haigharimu sana. Linalonihangaisha zaidi kwenye ringi si kilichoifunika bali kilicho chini yake. Punje za mchanga huingia katikati ya ringi na bodi, na siku moja inakataa kuzunguka. Tumbukiza saa kwenye bakuli la maji safi, izungushe ringi ndani ya maji hadi milio yake irudi kuwa mikali. Na ringi hiyo ina kazi hata kwa asiyeijua bahari: jirani yangu mwenye shamba kando ya mto Tana huipanga kila anapowasha pampu, ajue dakika alizochoma petroli.

Tukija kwenye bodi, hapo ndipo maneno makubwa hutumika zaidi. Saa nyingi za chuma, za bei nafuu na za bei ghali, ni za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316L. Rolex hutumia 904L, chenye kromiamu, nikeli na molibdenamu zaidi, na kazi yake kuu ni kuhimili ulikaji wa chumvi na asidi. Ni chuma kizuri, kinang'aa kwa namna ya pekee. Lakini tuseme ukweli: jasho lina chumvi, ila si bahari, na 316L inayosuuzwa maji mara kwa mara itakuzika wewe kabla ya kuoza. Asinunue mtu saa hapa kwa sababu ya tofauti hiyo.

Nikeli, kwa upande mwingine, ina maana. Katika 316L nikeli ni kati ya asilimia 10 na 14, na katika 904L inazidi 23. Wapo watu ambao ngozi yao haipatani nayo, na joto la digrii 36 au 37 likitoa jasho chini ya mkanda siku nzima, wanapata vipele na muwasho. Mtu wa namna hiyo ana sababu ya kweli ya kulipia titaniamu, kwa kuwa ile safi haina nikeli. Wepesi wake pia si hadithi: kwa ujazo uleule titaniamu ina uzito unaozidi kidogo nusu ya chuma. Citizen walitoa saa ya kwanza ya titaniamu mwaka 1970, na Seiko saa ya kwanza ya kuzamia ya titaniamu mwaka 1975, hivyo si teknolojia changa.

Kasoro ya titaniamu ni kwamba ikiachwa tupu inakwaruzika upesi, na mkwaruzo wake huonekana kwa weupe juu ya ile rangi yake ya kijivu. Hapa ndipo ukomazaji wa ngozi ya juu unapokuwa na thamani. Citizen huuita wao Duratect, na wanadai unaifanya titaniamu kuwa ngumu mara 5 kuliko chuma cha kawaida cha saa. Saa ya elfu tisini kwenye simu ya Abti ilikuwa ya aina hiyo, na kioo chake kilikuwa cha yakuti. Ile ya elfu arobaini ilikuwa chuma na kioo cha kawaida. Kwa macho, kweli mapacha. Kwa mkono, moja ilikuwa nyepesi kama ganda.

Kuna jambo la umaliziaji ambalo halimgharimu mnunuzi senti, na bado wengi hukosea. Chuma kinaweza kung'arishwa kama kioo, au kikapigwa brashi kikabaki na mistari laini ya kwenda upande mmoja. Mng'aro huuza saa. Chini ya taa za dukani pingili za katikati za mkanda huwaka kama maji. Mwezi mmoja baadaye, kwa mtu anayeegemeza mkono kwenye meza ya duka au dirisha la gari, pingili hizohizo ndizo zinazoonyesha kila kitu. Chuma kilichopigwa brashi huficha. Mkwaruzo mpya hupotea miongoni mwa mistari iliyokuwapo, na ukizidi, fundi mwenye mkono mtulivu huirudisha mistari kwa dakika chache. Kampuni moja inaweza kuwa na saa mbili za bei sawa, moja ina pingili za kung'aa na nyingine za brashi. Chukua ya brashi.

Mfano unaonifundisha zaidi juu ya bei za madini ni wa Omega. Seamaster ya mita 300 ya chuma ilipotoka mwaka 2018 iliuzwa karibu dola 5,000. Mwaka 2020 ikaja ile ya filamu ya James Bond, ya titaniamu: dola 8,100 ikiwa na mkanda wa nailoni, dola 9,200 ikiwa na mkanda wa titaniamu wa kusukwa. Sasa tazama kilichobadilika. Bodi ikawa nyepesi, vizuri. Lakini ringi na uso, ambavyo kwenye ile ya bei ya chini ni kauri, kwenye hii ni alumini, ili ionekane ya zamani. Mtu aliongeza zaidi ya dola 3,000, karibu shilingi laki nne kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, akapata wepesi na sura, akapoteza ugumu. Ni saa nzuri sana. Kwa jua la Garissa, ile ya bei ya chini ndiyo imara.

Rolex nao hutoza rangi. Septemba 2020 zilipotoka Submariner mpya zenye tarehe, ile yenye ringi ya kijani ilizidi ile nyeusi kwa takriban dola 400, yaani zaidi ya shilingi elfu 50, na ndani ni saa ileile. Toleo la dhahabu nyeupe la mwaka huohuo lilikaribia dola 40,000. Ukiliweka kando ya lile la chuma, mtu asiyezijua atabaini tu kwamba ringi ni ya buluu. Uzito ndio unaolisema.

Dhahabu nyeupe inanipeleka kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa. Mwanamume Mwislamu hukatazwa kuvaa dhahabu, na wapo wanaodhani ikiwa nyeupe imeacha kuwa dhahabu. Haijaacha. Dhahabu ya karati 18, iwe ya manjano, nyekundu au nyeupe, ni robo tatu dhahabu halisi. Saa za bei nafuu zenye rangi ya dhahabu ni suala jingine. Nyingi zimepakwa utando mwembamba sana, mara nyingine wa titaniamu nitridi ambayo haina dhahabu hata chembe, mara nyingine zimechovywa dhahabu kweli. Muulize muuzaji ni rangi au ni dhahabu, kisha umuulize shekhe wako. Kama ni kwa uimara tu, hata bila fatwa ningekushauri uziache: utando ukichakaa kwenye ncha za pingili, chuma cheupe hutokeza chini yake na hakuna fundi wa kukifunika tena.

Swali la namna hiyo liko pia kwenye mikanda ya ngozi. Baadhi ya mikanda ya ngozi ya ng'ombe hutiwa bitana ya ngozi ya nguruwe kwa ndani, kwa sababu ni laini na hupitisha jasho. Uliza, na ukikosa jibu la uhakika, acha. Ngozi yenyewe haifai kwa saa ya kuzamia katika joto hili. Jasho huilowesha, jua huikausha, na kufikia mwaka inanuka.

Hapa nimefika kwenye bizimu, kitu kinachodharauliwa kuliko vyote.

Anayevua saa kwa kila udhu wa sala tano anafungua bizimu mara 1,825 kwa mwaka, na kulifunga mara hizohizo. Wengine hulegeza tu na kuusogeza mkanda ili maji yafike kwenye ngozi. Bado ni msuguano. Sasa lishike bizimu la saa yoyote kabla ya kulipa. Yapo yaliyokunjwa kutoka bati jembamba la chuma: ukilitikisa linalia, ukilibana kwa vidole viwili linanepa. Yapo yaliyochongwa kutoka kipande kizima: ni zito, halilii, vibonyezo viwili vya pembeni vinaingia kwa pamoja na kutoka kwa pamoja. La bati huanza kulegea, siku moja linafunguka lenyewe ukiwa juu ya pikipiki. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye tangazo, na picha haiionyeshi vizuri. Ndiyo inayotenganisha saa nyingi za elfu ishirini na za elfu sitini, na kwa mtu anayesali ina thamani kuliko mita mia mbili za ziada za kina.

Mwenye bajeti ndogo ana njia ya mkato. Mkanda wa nailoni wa kipande kimoja, ule uliotokana na jeshi la Uingereza, hulowa na kukauka upesi katika hewa ya hapa, na kijiti kimoja cha springi kikikatika saa haidondoki. Wa raba ni mzuri pia, ila chagua ile raba nzito. Silikoni laini hunasa vumbi na nyuzi za nguo hadi inaonekana kama imeviringishwa kwenye unga.

Maji yanahitaji maneno machache lakini ya dhati. Saa iliyoandikwa mita 30 ni ya matone tu. Mita 100 zenye kifundo cha pembeni cha kukazwa kwa kuzungusha zinatosha maisha yote ya mtu wa Garissa, pamoja na mafuriko. Novemba 2023, Tana ilipofurika na barabara ya Madogo ikakatwa pale Kona Punda, watu walivuka kwenye maji, na saa zilizozima hazikuzima kwa sababu ya kina. Zilizimwa na raba za ndani zilizochakaa. Joto huikausha raba hiyo, na kila betri inapobadilishwa inapaswa kupakwa mafuta ya silikoni au kutolewa kabisa iwekwe mpya, kisha saa ipimwe shinikizo.

Nililijua hilo kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita niliipeleka saa yangu ya mita 200 kubadilishwa betri. Fundi alinyofoa mfuniko wa nyuma haraka, akaweka betri, akaurudisha, akapokea shilingi zake mia mbili. Siku ya pili, baada ya udhu wa alasiri, nikaona duara la ukungu chini ya kioo, dogo kama sarafu, upande wa saa kumi. Kufikia Maghrib lilikuwa limefunika uso mzima. Raba ilikuwa imebanwa upande na mfuniko, imekatika. Saa ya mita 200 ilikufa kwa maji ya birika. Tangu hapo sifungui saa ya kuzamia kwa mtu asiye na mashine ya kupima shinikizo, hata ikibidi niitume Nairobi kwa basi.

Kwa sababu hiyohiyo, kati ya mashine za ndani, napendelea zinazochajiwa na mwanga. Citizen wamekuwa wakiziuza tangu 1976, na Promaster yao ya mita 200 ikijaa chaji hukaa gizani takriban miezi 6. Mji uliojengewa kituo cha umeme wa jua cha megawati zaidi ya 50 hauwezi kukosa mwanga wa kulisha saa. Saa isiyofunguliwa kila miaka mitatu ni saa ambayo raba yake haiguswi. Ya kujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono ina uhai wake na watu huipenda kama mnyama wa kufugwa, nami pia. Ila isipelekwe kwa fundi kila mara ikienda dakika mbili mbele kwa wiki, hiyo ni tabia yake. Anayetaka ya bei ya chini kabisa yenye heshima, Casio ya mita 200 ya betri, ambayo Marekani huuzwa chini ya dola 100, ina kifundo cha kukazwa na ringi ya alumini. Kioo chake ni cha kawaida, kitakwaruzika. Kwa bei hiyo nakubali.

Kuhusu mahali pa kununua: saa zetu nyingi hupita njia moja, Dubai hadi Eastleigh, Nairobi, kisha basi hadi hapa. Njia hiyo ina historia. Garissa Lodge, nyumba ya wageni ya Eastleigh iliyogeuzwa kuwa maduka miaka ya mwanzo ya 1990, ilianzishwa na watu wetu. Ukinunua Dubai kodi ya mauzo ni asilimia 5, hapa VAT ni 16 kabla hujafika kwenye ushuru wa forodha, kwa hiyo tofauti ya bei haimaanishi kwamba wa hapa anakupunja. Lakini dai kadi ya dhamana yenye namba inayolingana na ile iliyochongwa mgongoni mwa saa, na uulize kama dhamana inakubalika Kenya. Kuhusu zile Rolex za elfu tano, hazina jambo la kulinganisha: ni bandia, chuma chake hakijulikani, na neno la mita 300 lililoandikwa usoni ni wino tu. Afadhali Casio halisi.

Tulimwandikia binamu maswali manne. Je, ipo ile ya chuma yenye kioo cha yakuti? Mpako uko ndani au nje? Bizimu ni la bati au la kuchongwa? Pingili ni za brashi? Akajibu usiku, pamoja na picha ya bizimu limefunguliwa, kivuli cha dole gumba chake juu yake. Ipo, elfu hamsini na nane, ya kuchajiwa na mwanga. Mpako ndani. Bizimu zito. Pingili zote brashi, isipokuwa ukingo mwembamba wa bodi uliong'arishwa.

Abti alifikiria titaniamu kwa siku mbili zaidi. Ngozi yake haijawahi kuwa na shida na chuma, na ile elfu thelathini na mbili ya ziada ilikuwa ya kununulia wepesi tu. Akachukua ya chuma. Ilifika kwa basi la alfajiri ndani ya mfuko wa majani ya chai. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameifungua na kuifunga mara kumi na zaidi, akisikiliza.

Seiko ya babu tuliitilia kioo kipya cha kawaida kwa shilingi mia saba. Hiyo ndiyo anayovaa siku za Jumatano, akienda kwa ngamia, kwa kuwa kioo chake anajua bei ya kukibadilisha.